Mwaka Tuliofunga Mvua

Nililitambua turubai kabla sijawatambua watu. Lilikuwa limefunika kuni za msiba uani kwa marehemu Mama Kulwa, kule Kambarage, Shinyanga mjini. Zamani lilikuwa jeupe kama sembe, sasa limekuwa na rangi ya majivu, na pembe zake zimekatwakatwa na kila mwenye shida yake. Mvua ilikuwa imenyesha kabla hatujaamka siku ya mazishi, na akina mama wa jikoni walipolifunua, kuni zilikuwa kavu kabisa. "Turubai la tangu enzi hili," mmoja wao alisema, "lakini halivuji." Nikacheka peke yangu, mtu mzima niliyekuja kulia, mpaka jirani yangu pale mkekani akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Asingeelewa. Lile halikuwa turubai, lilikuwa paa, kabla halijang'olewa juu ya nyumba. Nilisaidia kulitandika kwa mikono hii, nikalala chini yake, nikalichukia, na lilikaribia kunilia ujana wangu wote. Mama Kulwa ndiye aliyenitoa chini yake, na sasa tulikuwa tumekuja kumzika.

Ya kwetu Ushirombo nayaacha huko huko. Inatosha kusema nilikuwa msichana aliyemaliza shule, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi. Mtawa aliyesimamia chuo cha wauguzi cha misheni alikuwa ameniahidi nafasi kwa mdomo wake, ila ilikuwa ya Januari iliyofuata, na aliniambia wazi, "Veronika, muhula ukianza haupo, kitanda chako atalala mwingine." Mpaka Januari ifike ilibidi niwe mahali, nile, nivae. Ndipo katekista wetu akanipeleka Shinyanga kwa mfanyabiashara waliyefahamiana, Baba Kulwa, aliyekuwa akitafuta binti mwaminifu wa kumsaidia. Makubaliano yalikuwa ya maneno matupu, wao wawili wamesimama, mimi nimekaa juu ya sanduku langu la bati. "Nitamtunza kama mwanangu," Baba Kulwa alisema. "Mimi nina shida moja tu, paa langu linavuja. Paa likipona, nitampeleka chuoni mwenyewe." Katekista akasema amina, na mimi nikasema asante. Hakuna aliyeuliza paa likigoma kupona itakuwaje.

Zile zilikuwa siku za mwanzo wa miaka ya themanini, sabuni ikikatwa kwa uzi vipande vyembamba na kitenge kipya kikivutia macho ya watu barabarani. Mtu aliyekuwa na majora ya vitambaa alikuwa mtu kweli, na Baba Kulwa alikuwa nayo. Nyumba yake ilikuwa ya zege: chini duka na vyumba vyao, juu stoo moja ndefu, na juu ya stoo paa bapa kama meza, lenye ukuta mfupi pembeni na tundu moja la kutolea maji lililoelekea uchochoroni. Aliyeijenga zamani alikuwa na haraka, au alikuwa na adui. Kila mvua ilipokaa kidogo juu ya zege, ilipata njia ya kuteremka. Nililetwa katikati ya masika, nikapewa godoro humo humo stoo, kati ya majora na magunia ya chumvi, nikafundishwa kazi: mvua ikianza, hamisha majora upande mkavu, ikihama, hamisha tena, tega mabeseni, mwaga mabeseni. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, ngazi ile ya nyuma aliipanda kwa kuomba Mungu, na watoto wake pacha, Kulwa na Doto, wasichana wa miaka sita, walikuwa wakiyageuza mabeseni ngoma. Mtu wa nje Baba Kulwa hakumruhusu kuona stoo yake ina nini. Kwa hiyo ilibaki mimi. Geti la uani lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni kwake pamoja na rozari.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemkimbia. Alinipa kula walichokula wao, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga asubuhi, ugali wa unga ule wa njano wa msaada mchana, na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, iliyoungwa vizuri siku ambayo Mama Kulwa alikuwa na raha. Aliniita mwanangu, na kumbe ndiyo ilikuwa kamba yenyewe, maana mtoto haombi ruhusa ya kuondoka kwao. Jumapili niliruhusiwa kwenda misa kama anga lilikuwa jeupe. Likiwa na wingu, hata la kufuta machozi, aliniambia, "Leo salia hapo juu, mwanangu. Mungu yuko kila mahali, lakini majora yako hapa tu." Mimi niliyetaka kwenda kuokoa watu nikawa naokoa vitambaa. Nikikumbuka mwaka ule, kwanza nakumbuka harufu: lami, rangi ya vitambaa vibichi, na jasho langu mwenyewe chini ya zege iliyopikwa na jua la Shinyanga tangu asubuhi.

Lami ilikuwa tiba yake ya kwanza. Kila kiangazi aliipaka, na kila mchana ililainika hata viatu vikaganda, ikipoa inajikunja na kupasuka. Aliwahi kufikiria kuinua mbao na kupiga bati juu yake, akaambiwa kila msumari ni tundu linalosubiri siku yake. Basi wakati wa kiangazi cha mwaka ule akarudi kutoka Mwanza na lori, na ndani ya lori mabunda mazito meupe yaliyoviringishwa kama mikeka, na juu ya mabunda amekaa mtu mwembamba mcheshi, Fundi Jumanne. Mabunda yalikuwa yamebaki kwenye kazi ya ghala la samaki kule ziwani. Fundi aliyaita membreni. Baba Kulwa, aliyekuwa mtoto wa wafugaji, akayapapasa akasema, "Hii ni ngozi." Jina likakaa.

Zile wiki za kutandika ngozi ndizo pekee nilizofurahi. Nilipanda juu ya paa, nikauona mji mzima hadi mabati ya stesheni ya reli, nikapigwa na upepo. Fundi alihitaji mikono, na yangu ndiyo iliyokuwepo. Alikuwa na kimashine cha kupuliza moto, kama kipenga kikubwa, alichokiingiza kati ya ngozi mbili pale zilipolaliana, zikalainika, na mimi nyuma yake nikapita nikigandamiza kabla hazijapoa. Kigurudumu chake cha kugandamizia alikuwa amekisahau Mwanza. Akashuka jikoni, akarudi na mti wa Mama Kulwa wa kusukumia chapati. "Mama, nakuazima." Mama Kulwa akamjibu kutoka chini, "Chukua tu baba, ngano yenyewe tumeiona mara ya mwisho Krismasi." Umeme ulipokatika tulikaa kivulini mwa tangi bovu tukala michembe ya viazi vikavu, naye akanisomesha bila kuombwa. Alisema lami inapigana na jua, na zege inapigana na jua, na anayepigana na jua la Shinyanga amekwisha. Ngozi hii haipigani, jua likiwaka inatanuka, likishuka inarudi. Alisema ni nyepesi, nyumba haitaisikia begani. Alisema weupe wake unalirudisha jua lilikotoka, "utalala kama uko Lushoto, binti." Lakini alichokipenda zaidi ni maungio. Alinipa vipande viwili nilivyoviunga mimi, akaniambia nivute. Nikavuta mpaka vidole vikauma. Ngozi yenyewe ikachanika, maungio hayakuachia. "Unaona? Hapa si gundi. Vimekuwa kitu kimoja. Hata ikitoboka kesho, unakata kiraka cha ngozi hiyo hiyo, unapitisha moto, na kiraka nacho kinakuwa ngozi." Pembeni tukaipandisha ukutani kama kingo za beseni. Palibaki kona moja yenye bomba la zamani lililopenya zege mpaka stoo. Hapo umeme ulikatika kabla hatujamaliza, na fundi akaifunga kwa mkono kwa dawa ya kopo, akasema panatosha kwa sasa, atapitia tena akipata kazi ya huku. Akapanda lori. Nilimwonea wivu mpaka nikasikia aibu.

Kweli stoo ikapoa. Mchana ambao zamani nilikuwa nalala sakafuni kama mbwa sasa niliweza kukaa nikashona. Nilikuwa mfungwa aliyeboreshewa chumba. Baba Kulwa ndiye aliyekuwa na raha ya kweli. Alipanga majora hadi darini, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu, akaanza kusema habari za kupangisha nusu ya stoo kwa mtu wa sabuni. Na kwa raha hiyo akaenda sokoni, penye wanunuzi wa pamba na kina mama wa mchele, akasimama kifua mbele, akatamka maneno yaliyotugharimu: "Mimi paa langu nimelifunga. Nimetandika ngozi nyeupe juu. Kwangu mvua haipiti tena!"

Alimaanisha haipenyi. Mimi niliyeishi chini ya matone nilijua alichomaanisha. Lakini msikilize kama mkulima wa Songwa aliyeleta kuku kuuza, ambaye mashamba yake yameshalimwa na mbegu iko mkononi. Mtu tajiri ametandika kitu cheupe kuelekea mbinguni, anasema amefunga, anasema mvua haipiti tena. Usukumani kila mtu anajua kwamba wafyatua tofali na waezekaji ndio wa kwanza kuulizwa mvua inapochelewa, maana ndio wenye haja ya ukavu. Na mwaka ule mvua ikachelewa. Mawingu yalitoka upande wa Geita kila alasiri, yakatuangalia, yakapita. Wiki ya kwanza watu walitania. Baadaye wakaacha kutania, na ngozi yetu ikapata jina la tatu: sanda. Sanda ya mvua.

Stoo ilikuwa na dirisha dogo la nondo lililotazama uchochoro ambamo wanawake walipita kwenda kutafuta maji. Kwangu lilikuwa redio. Asubuhi walisalimiana, "Mwangaluka," "Mwangaluka mayu," halafu sauti zikashuka, nami nikasogeza sikio. "Ndiyo hapo juu." "Si unaona linavyong'aa? Wingu likifika linaogopa." "Na kale kabinti ka Kisumbwa ndiko kalikogandamiza kwa mti." Kile kifimbo cha chapati kimeshakuwa cha uganga. Mwenye punda wa maji, aliyekuwa akisimama getini kwetu kila siku, akaanza kupita akitazama masikio ya punda wake. Wateja walipungua. Nilipotoka Jumapili kwenda misa, mwanamke niliyekuwa nikikaa naye benchi moja alihamisha mtoto wake upande wa pili. Nilipomsimulia Baba Kulwa, akanipiga marufuku kutoka kabisa. "Kwa usalama wako, mwanangu." Kufuli lililokuwa la kuzuia wezi likawa la kunizuia mimi. Nilizunguka stoo ile kama kuku aliyefungwa mguu, naenda mpaka kamba iishe, narudi.

Adventi ilikuwa imeingia katekista alipopita Shinyanga na salamu za mtawa: chuo kinafunguliwa mara tu baada ya sikukuu, aje, kitanda kipo. Niliitwa sebuleni. Mbele ya mgeni Baba Kulwa alitabasamu, akanisifu, halafu akasema, "Lakini tulisema paa likipona. Mimi siwezi kusema limepona, halijaona mvua hata moja. Mgonjwa anaruhusiwa kabla hajapimwa?" Katekista akanitazama, akatazama viatu vyake, akasema kweli, makubaliano ni makubaliano. Nilitaka kupiga yowe. Mvua isiponyesha siondoki, na mtaa mzima unasema haitanyesha mpaka sisi tuondoe paa. Jioni ile niliwasikia kupitia ukuta, Mama Kulwa akisema taratibu, "Baba Kulwa, mtoto wa watu anataka kusoma." Naye, "Nani anakataa? Na sasa kuliko wakati wowote, yeye ndiye anayeijua hii ngozi. Ikichanika nimwite nani, wewe na magoti yako?" Hapo ndipo nilipoelewa. Paa livuje, nabaki kutega mabeseni. Paa lisivuje, nabaki kulitunza. Nililia juu ya jora la kitenge, na niliogopa machozi yangu yasije yakaacha doa.

Kisha akaja Bibi Kabula. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mpishi wa pombe ya mtama, mwanamke ambaye hata wanaume walimwamkia wakiwa mbali. Jina lake ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na yeye hakukubali mtu alisahau. Alikuja mchana kweupe na wanawake nyuma yake, na wazee wawili watatu waliosimama kando wakijifanya wanapita. Baba Kulwa alifungua dirisha la duka, geti hakufungua. "Shikamoo bibi." Hakuitikia, na mtu mzima asipoitikia shikamoo ujue mambo yameharibika. "Mimi nilizaliwa mbula ikinyesha," alisema. "Ninaijua mbula iliyochelewa na ninaijua iliyofungwa. Umefunga kwa mdomo wako, sokoni, watu wakisikia. Fungua." Baba Kulwa akaanza kueleza jua, na zege, na ghala la samaki la Mwanza. Mmoja wa wale wazee akamkata: "Panda na kisu, pasua katikati, tuone. Usipopanda wewe, vijana watapanda." Baba Kulwa akafunga dirisha. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Naye alikuwa amefungiwa humo humo pamoja nami.

Sasa, Mama Kulwa alikuwa jikoni muda wote huo akichambua dagaa. Akafuta mikono kwenye kanga yake, ile ya zambarau aliyoipenda, akaja getini, akanyoosha kiganja kwa mumewe. Mume alitazama kile kiganja. Sijui aliona nini, ila akavua ufunguo shingoni akampa. Mama Kulwa akatoka mpaka mbele ya Bibi Kabula, akapiga goti, magoti yale! "Shikamoo bibi." Bibi Kabula akayatazama magoti hayo vumbini. "Marahaba." "Bibi, maneno yalisemwa vibaya, nayakubali. Kama kimefungwa, kifunguliwe. Lakini mimi nauliza, wewe unajua kuliko mimi: kitu kilichofunga mbula kinafunguliwa kwa kisu, au kwa maji?" Bibi Kabula akafikiri. Huwezi kuulizwa swali la utaalamu wako mbele ya watu ukajibu ovyo. "Kwa maji," akasema hatimaye. "Basi kesho njooni, kila mmoja na maji anayoweza, hata kata moja. Mpande wenyewe mmwage juu yake. Yakae mchana wote yakiongea nayo. Jua likipinda, tuyafungulie yateremke, kila mtu akinge arudishe kwake." Wanawake wakaguna lile guno la kukubali. Mimi nilisimama nyuma ya geti, mkono mdomoni. Fundi Jumanne alikuwa ametuambia, wote tukisikia, kwamba paa la namna ile hupimwa kwa kuziba tundu na kulijaza maji, ila Shinyanga wakati wa kiangazi nani angepoteza maji juu ya nyumba? Mama Kulwa alikuwa amepata maji ya mtaa mzima.

Walikuja, hata ambao sikuwategemea. Walipanda ile ngazi ya nyuma na ndoo, na madebe, na vibuyu, wakavua kandambili mbele ya ngozi kama wanaingia kanisani. Mimi Mama Kulwa alinituma juu, nikazibe tundu kwa kitambaa kilichosokotwa na kukaa karibu nacho. "Chini nitakaa mimi na watoto," alisema, "nitazame dari." Nikashangaa, stoo ndiyo ilikuwa kazi yangu, lakini alikuwa amekaza sauti. Bibi Kabula akamwaga wa kwanza, akisema maneno yake kwa Kisukuma ambayo sikuyafuata. Maji yakatandaa, yakapanda kidogo kidogo mpaka kwenye vifundo vya miguu. Watoto wakacheza. Mbingu ikajiona humo. Mwanamke aliyemhamisha mwanawe kanisani akaninyooshea karanga, tukatafuna bila kutazamana. Jua lilipopinda nikavuta kitambaa, maji yakatoka kwa kishindo uchochoroni, na chini zikasikika kelele za ndoo na vicheko. "Imefunguka!" Bibi Kabula akasema, nami nikasema moyoni, ifunguke na kwangu.

Mama Kulwa alipanda akihema, begani hana kanga. Akasimama mbele ya watu wote akamwambia mumewe, "Baba Kulwa, nimekaa chini tangu asubuhi. Hata tone." Yule bwana akashuka, akapapasa dari kwa viganja, akarudi uso umeng'aa. Dari ilikuwa kavu. "Limepona!" akatangaza, kwa kuwa hakuweza kuacha kutangaza. "Wabeja sana, asanteni jamani, paa limepona!" Mama Kulwa akageuka kwa Bibi Kabula kama mtu anayezungumza habari za kawaida tu: "Na huyu binti yetu, bibi, mume wangu alikula kiapo kwamba paa likipona anampeleka chuoni. Utuombee safari njema." Bibi Kabula akamtazama Baba Kulwa. Wanawake wote wakamtazama. Aliyefunga mvua kwa mdomo hakuwa na hamu ya kuvunja ahadi kwa mdomo huo huo. "Ndiyo," akasema, "ndiyo, baada ya Krismasi." Nilishuka ngazi ile. Uani niliiona kanga ya zambarau imeanikwa kambani, inadondosha maji. Nikajiuliza nani amefua leo, siku ambayo maji yote ya nyumba yalipanda juu. Halafu furaha ikanisahaulisha.

Akanipeleka kweli. Mvua ilinikuta nimeshavaa sare, ya kwanza ikapiga mabati ya bweni usiku, nikaruka kitandani kutafuta mabeseni, wenzangu wakanicheka mpaka asubuhi. Nikafanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, nikastaafu. Shinyanga nilipita mara chache, na kila mara Mama Kulwa alinilisha, akanitania, hakunidai hata neno.

Baada ya mazishi, Doto, sasa bibi mwenye wajukuu, alikaa nami karibu na zile kuni. Nikamwambia nilivyocheka asubuhi, na jinsi paa lilivyopita mtihani. Akanigeukia. "Dada Vero, mama hakukwambia?" "Nini?" "Palivuja. Kwenye kona ya bomba. Mimi na Kulwa tuliona, tukaanza kupiga kelele, akatuziba midomo. Akavua kanga yake, akaizungushia bomba, ikilowa anaikamua kwenye beseni, anairudisha. Mchana wote. Mlipofungulia maji akafuta dari, akatuambia, atakayesema nitamchapa, paa limepona." Nikauliza nilichokuwa tayari nakijua. "Na mvua zilipokuja? Majora alihamisha nani?" "Nani tena? Mama. Masika yote, na magoti yake, baba asijue. Mpaka fundi aliporudi mwaka mwingine akatia kiraka."

Alipoitwa jikoni nilibaki peke yangu. Nilikuwa nimemlilia Mama Kulwa makaburini machozi ya heshima. Hapo ndipo nilipomlilia kweli, kwa sauti, na sikujali nani ananitazama. Yule mama alichukua zamu yangu chini ya paa lile ili mimi nitoke, na kila nilipokula chakula chake hakunihesabia. Nikalivuta turubai kutoka kwenye kuni, nikalipapasa upande mmoja hadi mwingine mpaka nikakipata, kiraka cha mviringo, ukubwa wa kisahani, karibu na tundu la bomba. Nikatia ukucha pembeni mwake nijaribu kukibandua. Hakikubanduka.